Pima Kwanza, Tia Baadaye: Kalsiamu na Madini Mengine kwenye Tangi la Matumbawe

Tumbawe la tangini lina njia nyingi za kufa, na mojawapo ya zile zinazoepukika kabisa ni mkono wa mwenye tangi. Chupa ya kalsiamu imeandikwa kifuniko kimoja kwa kila lita mia kwa siku. Mtu anayatii maandishi, hapimi kitu, na baada ya majuma machache ncha za matawi zimekuwa nyeupe, pampu imekwama kwa ukoko, na mchanga wa chini umegandamana mabonge mabonge. Chupa haina kosa kubwa. Kosa ni kudhani kwamba mtengenezaji aliye maelfu ya kilomita kutoka hapo anaweza kujua tangi lako linakula kiasi gani. Hilo hulijua mtu mmoja tu, naye ni yule mwenye kifaa cha kupimia.

Kabla ya hesabu yoyote kuna swali ambalo duka haliulizi: ndani ya tangi hilo kuna nini? Tangi la samaki watupu, wenye kitatange na kangaja wanaozunguka miamba mitupu, halihitaji kutiwa kalsiamu. Kubadilisha sehemu ya maji mara kwa mara kunatosha. Matumbawe laini nayo hutumia kidogo sana. Walaji wa kweli ni wale wanaojenga mifupa na magamba: matumbawe magumu, hasa Acropora na Montipora yanayokua haraka, makombe makubwa ya jamii ya Tridacna, konokono, na ule mwani mwekundu wa chokaa unaoipaka miamba rangi ya zambarau. Kama hakuna hata mmoja kati ya hao, fedha ya chupa inunue chakula bora cha samaki.

Bahari yenyewe ndiyo kigezo. Maji ya bahari yenye chumvi ya kawaida, gramu 35 kwa kila kilo ya maji, yana kalsiamu ya miligramu 410 hadi 420 kwa lita, magnesi karibu 1,290, potasiamu karibu 400, stronti karibu 8, na iodini isiyozidi sana miligramu 0.06. Alkali, yaani ule uwezo wa maji kupokea tindikali bila pH kuporomoka, ambao hutokana hasa na bikaboneti na kaboneti, huwa kati ya digrii 6.5 na 7 kwa kipimo cha dKH. Wafugaji wengi wa matumbawe huweka kalsiamu kati ya 400 na 450, alkali kati ya 7 na 9 au 10, na magnesi kati ya 1,250 na 1,400. Ndani ya mipaka hiyo tumbawe halijali sana nambari yenyewe. Linachojali ni nambari hiyo isirukeruke.

Hapo ndipo ilipo siri ya suala zima, na ningependa tuiangalie kwa utulivu. Tumbawe gumu linapojenga mifupa huchukua kalsiamu na bikaboneti kwa pamoja na kuziunganisha kuwa kaboneti ya kalsiamu. Vitu hivi viwili hupungua kwa uwiano unaojulikana: kila alkali inaposhuka digrii 1 ya dKH, kalsiamu hushuka karibu miligramu 7 kwa lita. Sasa tazama akiba zilivyo. Tuseme alkali imeshuka kutoka 8 hadi 5. Zaidi ya theluthi ya akiba imekwisha, na tumbawe limeanza kuteseka. Katika muda huohuo kalsiamu imetoka 420 hadi 399. Ni asilimia 5 tu, na vifaa vingi vya matone vinavyotumika nyumbani husoma kwa hatua za 10 hadi 20. Mwenye tangi anapima kalsiamu, anaona mambo ni shwari, anaondoka ameridhika huku maji yake yamefilisika upande wa pili.

Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba mtu anayepima kalsiamu kila juma na alkali mara moja kwa mwezi amegeuza mambo juu chini. Alkali ndiyo inayosogea kwanza, ndiyo inayoua haraka ikiruka, na ndiyo inayoonyesha ulaji wa tangi kwa usahihi. Kalsiamu huifuata polepole.

Kuna upande mwingine wa jambo hili. Maji ya bahari ya joto yana kaboneti ya kalsiamu nyingi kuliko yanavyopaswa kuweza kuishikilia. Kwa kanuni za kemia ilitakiwa ijitenge na kuanguka chini. Magnesi ndiyo inayozuia. Hujipachika kwenye chembe ya kaboneti inapoanza kujijenga na kuifanya ishindwe kuendelea kukua. Fosfeti na taka za viumbe husaidia kazi hiyo kidogo. Lakini zuio hilo lina mwisho. Ukipandisha alkali kupita kiasi, au pH, au ukiwa na magnesi iliyoshuka chini ya 1,100 hivi, kaboneti huanza kujitenga yenyewe. Hupenda kuanzia kwenye hita, maana kaboneti ya kalsiamu haifanani na sukari: maji yakizidi kuwa moto, uwezo wake wa kuyeyuka hupungua. Kisha huenda kwenye mhimili wa pampu. Mtu anayelalamika kwamba anatia kalsiamu kila siku na kipimo hakipandi aikague hita yake. Mara nyingi kalsiamu yote ataikuta hapo. Kuongeza dozi katika hali hiyo ni kuongeza ukoko. Dawa yake ni kupima magnesi.

Kabla ya hayo yote, apime chumvi. Tangi lenye chumvi ya 30 badala ya 35 litaonyesha kalsiamu ya 360 na magnesi ya 1,100, na mwenyewe atakimbilia chupa tatu kurekebisha tatizo moja ambalo dawa yake ni chumvi. Haidrometa za plastiki zenye kishale hudanganya kwa urahisi. Refraktometa ni bora, mradi isawazishwe kwa maji maalumu ya chumvi ya 35 na si kwa maji matupu tu.

Tuchukue mfano mmoja na tuukamilishe hadi mwisho. Tangi limeuzwa kama la lita 240. Ndani kuna miamba na mchanga, na juu kuna nafasi tupu, kwa hiyo maji halisi ni lita 200. Nambari hii ya pili ndiyo inayofanyiwa hesabu. Anayetumia ile ya duka anazidisha dozi kwa moja ya tano tangu siku ya kwanza. Kwa siku tatu mwenye tangi hatii kitu chochote. Jumatatu saa mbili usiku anapima alkali, anapata 8.5. Alhamisi saa ileile anapata 7.0. Tangi limekula digrii 1.5 kwa siku tatu, yaani 0.5 kwa siku. Kwa lita 200 ulaji huo unalipwa na gramu 3 za bikaboneti ya sodiamu kila siku. Kalsiamu iliyotumika pamoja nayo ni karibu miligramu 3.6 kwa lita kwa siku, ambayo hulipwa na gramu 2.6 za kloridi ya kalsiamu ile yenye maji ndani ya chembe zake, inayouzwa kwa vipande vyembamba. Kwa siku zote tatu kalsiamu imeshuka miligramu 11 tu kwa lita, na huenda kifaa chake kisingeiona kabisa.

Gramu 3 na gramu 2.6 ni vijiko vidogo visivyojaa. Watu hushangaa kuona jinsi dozi halisi ilivyo ndogo wakiilinganisha na walizokuwa wakimimina.

Njia iliyo rahisi kuisimamia ni kuyeyusha vitu hivi katika chupa mbili tofauti kwa maji yaliyochujwa kwa mashine ya RO. Chupa ya kwanza iwe na gramu 80 za bikaboneti ya sodiamu kwa kila lita ya mchanganyiko uliokamilika. Chupa ya pili iwe na gramu 70 za ile kloridi ya kalsiamu kwa lita. Kwa vipimo hivi nguvu za chupa mbili zinalingana, kwa hiyo unatia ujazo uleule kutoka kila moja. Tangi la mfano wetu litahitaji karibu mililita 37 kwa siku kutoka kila chupa, na kwa bomba la sindano mtu yeyote anaweza kuzipima. Tia chupa ya kwanza mahali penye mkondo mkali, ngoja angalau nusu saa, kisha tia ya pili. Zikikutana kabla ya kutawanyika hufanya kaboneti papo hapo na zote mbili zinapotea. Usizichanganye kwenye chombo kimoja, hata kwa dakika moja.

Bikaboneti hiyo ni ileile inayouzwa madukani kwa ajili ya kuokea, mradi kwenye pakiti iwe imeandikwa bikaboneti ya sodiamu peke yake. Bekingi pauda ni kitu kingine: ndani yake mna tindikali, mara nyingi ya fosfeti, pamoja na wanga. Ukiioka bikaboneti kwenye oveni ya nyuzi 150 kwa saa moja hugeuka kaboneti, ambayo hupandisha pH zaidi. Hulifaa tangi ambalo pH yake hukaa chini. Kloridi ya kalsiamu nayo hutoa joto inapoyeyuka. Tia chembe ndani ya maji kidogo kidogo, usimwage maji juu ya chembe, na usubiri mchanganyiko upoe kabla ya kuutumia.

Njia hii ina deni ambalo watumiaji wengi hawalihesabu. Bikaboneti ya sodiamu na kloridi ya kalsiamu zikishatoa bikaboneti na kalsiamu kwa tumbawe, kinachobaki majini ni sodiamu na kloridi, yaani chumvi ya mezani. Kwa tangi la mfano wetu ni kama gramu 2 kwa siku. Kwa mwaka ni gramu 760, sawa na gramu 3.8 kwa kila lita, na chumvi ya 35 inakaribia 39 kama maji hayabadilishwi. Mjerumani Hans-Werner Balling alilitafakari tatizo hili miaka ya 1990 na akapendekeza sehemu ya tatu, mchanganyiko wa madini yote ya bahari isipokuwa chumvi ya mezani, ili uwiano wa maji ubaki wa bahari. Njia hiyo bado inaitwa kwa jina lake. Kwa tangi dogo, kubadilisha asilimia 10 ya maji kila juma na kupima chumvi huondoa sehemu kubwa ya deni hilo.

Baadhi watauliza kama kubadilisha maji peke yake hakuwezi kumaliza kazi yote. Kwa tangi la matumbawe laini kunaweza. Kwa tangi la mfano wetu hakuwezi, na hesabu yake ni fupi: linapoteza digrii 3.5 kwa juma, na ukibadilisha asilimia 10 kwa maji yenye alkali iliyozidi ya tangi kwa digrii 1.5, unapandisha 0.15 tu.

Njia ya pili ni chokaa, na hapa pwani yetu ina historia yake. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu, na magofu ya Kilwa na Gedi, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa iliyochomwa kutoka matumbawe hayohayo. Katika tanuri la magogo moto huifukuza kabonidioksidi kutoka kwenye kaboneti ya kalsiamu, ikabaki oksidi. Oksidi ikimwagiwa maji huchemka na kuwa haidroksidi ya kalsiamu, chokaa laini tayari kwa ukuta. Haidroksidi hiyo ndiyo inayotumika tangini. Ikiingia majini hupokea kabonidioksidi na kurudi kuwa kalsiamu na bikaboneti, yaani malighafi ya tumbawe. Haiachi chumvi yoyote nyuma yake, na kalsiamu na alkali huja pamoja kwa uwiano uleule ambao tumbawe huvitumia. Ndiyo maana wafugaji wa Ulaya, wakifuata mafundisho ya Mjerumani Peter Wilkens katika miaka ya 1970, waliikumbatia na hawajaiacha hadi leo.

Uzuri wake umefungamana na hatari yake. Maji ya chokaa yaliyoshiba, gramu 1.5 hivi kwa lita, yana pH ya 12.4. Yanaunguza jicho, na yakimiminwa kwa mkupuo yanaua kila kilicho tangini. Huingizwa tone kwa tone, hasa usiku ambapo pH ya tangi iko chini, yakichukua nafasi ya maji yaliyopotea kwa mvuke. Lita moja ya maji haya hupandisha alkali ya lita 200 kwa digrii 0.57. Mfano wetu, unaokula 0.5, unahitaji kidogo chini ya lita moja kwa siku. Lakini katika chumba chenye taa kali na kiyoyozi tangi kama hilo linaweza kupoteza lita 3 za mvuke kwa siku, na mtu aliyesoma kwamba maji yote ya kujazia yashibishwe chokaa atakuwa anaongeza digrii 1.7 kila siku mahali pa 0.5. Chokaa ipimwe kwa ulaji, maji mengine ya kujazia yawe ya RO matupu.

Na chokaa ya duka la vifaa vya ujenzi, je? Hapana. Ina majivu, mchanga, na metali ambazo hakuna anayezipima, na shaba kidogo tu inatosha kuwamaliza kamba na konokono. Tafuta haidroksidi ya kiwango cha chakula au cha maabara. Vivyo hivyo magadi ya kupikia maharage yasitiwe tangini, ingawa kwa sehemu kubwa ni kaboneti na bikaboneti za sodiamu na bei yake ni ndogo. Magadi ya Bonde la Ufa hubeba floraidi nyingi, ileile inayochangia meno ya watu wa kaskazini mwa Tanzania kugeuka kahawia, pamoja na chumvi na udongo. Hata magadi yanayochimbwa Ziwa Magadi kule Kenya ni malighafi ya viwanda vya vioo na sabuni. Tumbawe linahitaji usafi wa daraja jingine.

Njia ya tatu ni mtambo wa kalsiamu: chemba iliyojaa vipande vya mifupa ya matumbawe, inayopulizwa kabonidioksidi kutoka kwenye mtungi hadi pH ya ndani ifike 6.5 hivi, vipande viyeyuke, na maji yake yatiririke polepole kurudi tangini. Unalifaa tangi kubwa lenye matumbawe magumu mengi. Kwa tangi la lita 200 ni gharama na usumbufu usio na sababu.

Magnesi hutumika polepole sana kuliko kalsiamu. Ipime mara moja kwa mwezi, na ikishuka ipandishwe taratibu kwa mchanganyiko wa kloridi ya magnesi na salfeti ya magnesi, isizidi miligramu 100 kwa lita kwa siku. Basi.

Sasa tufike kwenye rafu ndefu ya chupa ndogo za bei kubwa: stronti, iodini, chuma, potasiamu, na zile zenye majina ya kuvutia zisizosema zina nini. Hukumu yangu ni moja kwa zote: usichoweza kukipima usikitie. Iodini inatosha kuonyesha kwa nini. Lita 200 za maji ya bahari zina iodini ya miligramu 12 tu kwa jumla. Tone moja la dawa ya Lugol ya asilimia 5 lina miligramu 6 hivi. Matone mawili, basi, ni sawa na iodini yote ambayo bahari imeiweka katika maji ya ujazo huo, na wapo watu wanaodondosha matone matano kila juma kwa sababu waliambiwa kamba wao watajivua gamba vizuri. Stronti huingia ndani ya mifupa ya tumbawe kwa sababu inafanana na kalsiamu; kuingia huko pekee si ushahidi kwamba tumbawe linaihitaji zaidi ya ile inayoletwa na chumvi nzuri. Anayetaka kujua kweli hali ya madini haya apeleke sampuli kwenye maabara zinazopima kwa mashine za ICP. Zipo Ulaya na Marekani, na hupokea vichupa kwa posta. Majibu yake ndiyo yaamue, na hata hapo mara nyingi kubadilisha maji kunarekebisha zaidi kuliko chupa.

Katika rafu hiyohiyo pana chupa za kupandisha pH, na hizi zina madhara ya namna yake. Nyingi ni bikaboneti na kaboneti kwa jina jingine. Mtu anayeishi katika nyumba iliyofungwa madirisha kwa ajili ya kiyoyozi, Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, atakuta pH ya tangi lake ni 7.8 au 7.9 wakati alkali iko sawasawa. Sababu ni kabonidioksidi inayotoka vinywani mwa watu na kujaa chumbani. Akitia chupa, pH inapanda kwa saa chache kisha inarudi, alkali inabaki juu, kesho anatia tena. Baada ya juma moja alkali imefika 13 na pH iko palepale. Afungue dirisha, au apitishe bomba la hewa ya skima, ile mashine ya kusafisha maji kwa povu, nje ya ukuta. pH ya 7.9 yenye alkali ya 8 haiui tumbawe.

Kiasi salama cha mabadiliko kwa siku hakina mjadala mkubwa miongoni mwa wazoefu: alkali isipande zaidi ya digrii 1, na mimi ningesema nusu kwa tangi lenye Acropora, kalsiamu isizidi miligramu 20 hadi 25 kwa lita. Tangi la lita 200 lililokutwa na alkali ya 5.5 linahitaji gramu 15 za bikaboneti kufika 8. Zigawanye kwa siku tano, gramu 3 kila siku juu ya zile 3 za kulipia ulaji, na upime kila jioni. Wenye maji yaliyosafishwa sana, yasiyo na naitreti wala fosfeti karibu kabisa, waweke alkali karibu na 7; wafugaji wengi wameona ncha za matawi zikiungua alkali inapokuwa juu katika maji ya namna hiyo.

Mashine nazo zina hatari zake. Pampu ndogo za kutia dozi hufanya kazi nzuri, mpaka siku zinapokwama zikiwa wazi. Umeme hukatika na kurudi, saa ya pampu ya bei rahisi inaanza upya na dozi ya saa mbili asubuhi inatiwa tena. Boya la kujazia maji linanasa kwa konokono. Kinga bora niijuayo ni ukubwa wa chombo: weka akiba ambayo hata ikimwagika yote tangini haitaua. Ndoo ya lita 20 ya maji ya chokaa ikiingia yote katika lita 200 hupandisha alkali kwa digrii 11, hakuna kitakachobaki. Chombo cha lita moja au mbili hupandisha digrii moja hivi, jambo ambalo tangi hulistahimili. Ni kweli utakijaza kila siku mbili, lakini utalala usingizi. Mwisho wa kila mrija ukae juu ya maji, usizame, la sivyo siku pampu inaposimama maji hujivuta yenyewe.

Ikitokea hata hivyo ukakuta maji meupe kama tui, usikimbilie siki wala tindikali. Zima kinachotia, acha mzunguko na hewa vifanye kazi kwa nguvu, pima pH, kisha badilisha maji mengi iwezekanavyo kwa maji ya bahari yenye joto na chumvi sawa na ya tangi. Weupe huo ni kaboneti iliyojitenga. Utatua na kuchujwa. Alkali na kalsiamu zitakuwa zimeshuka, kwa hiyo pima zote mbili kesho yake kabla ya kutia chochote. Na kama umekuta alkali 12 au 13 bila weupe wowote, kazi yako ni kuacha tu. Matumbawe yataila, siku hadi siku.

Wasomaji walio karibu na bahari wana faida kubwa ambayo mfugaji wa Berlin hana. Maji safi ya bahari yana alkali ya 6.5 hadi 7 na kalsiamu ya 410, na yana madini yote madogo kwa kiasi kinachofaa. Yachotwe wakati maji yamejaa, mbali na bandari na mifereji ya mji. Wakati wa masika yaachwe yale ya karibu na midomo ya mito kama Sabaki na Rufiji, kwa kuwa chumvi hushuka na tope huongezeka. Yachujwe, yapimwe chumvi, kisha alkali ipandishwe kidogo ilingane na ya tangi. Anayebadilisha asilimia 15 kwa juma kwa maji ya namna hii hahitaji chupa yoyote ya madini madogo.

Uangalifu huu wote una sababu inayozidi tangi lako. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, pamoja na makombe ya Tridacna, na miamba ya Bahari ya Hindi bado ina makovu ya joto kali la mwaka 1998, yaliyoongezewa na lile la 2016. Kipande kilichomo tangini mwako kimetoka kwenye mwamba fulani, au ni kizazi cha kilichotoka huko, na miamba hiyo haina kingi cha ziada cha kutoa.

Kwa hiyo ombi langu kwa anayeanza ni dogo. Kama mwezi huu una fedha ya kitu kimoja tu, nunua kifaa cha kupima alkali, pima kwa siku tatu mfululizo saa ileile bila kutia kitu, na uandike nambari kwenye daftari. Ukiona hazijashuka, tangi lako halihitaji chupa yoyote kwa sasa.